Uzi: Nimepanda Genting Highlands peke yangu, siku moja, bajeti ndogo. Karibuni niwape mchongo mzima

Begi_Moja:

Wakuu habari za muda huu.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa nyuzi za safari kwa muda mrefu sana, leo na mimi nalipa deni. Nilikuwa Kuala Lumpur, Malaysia, siku tano, nimelala hosteli ya vitanda vya dabo deka, na siku ya nne ambayo ilikuwa Jumamosi nikapanda Genting Highlands asubuhi nikarudi usiku, peke yangu, bila wakala wala gari la kukodi. Naandika kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta maelezo ya Kiswahili sikupata hata mstari mmoja, na yale ya lugha nyingine karibu yote yanakuonyesha michezo, kasino na hoteli, unasoma mpaka unajiona huna hadhi ya kwenda. Mimi nimerudi na mawazo tofauti kabisa. Vitu vilivyonikaa moyoni kule juu vyote ni vya bure, au ni vya kwenye tiketi ya kebo ambayo ushailipia tayari. Na kuna jambo moja tu linaloweza kukuvurugia siku nzima, nalo ni siti ya basi la kurudi, nitalieleza kwa urefu maana lilinikuta.

Kwa ambao hawajawahi kuisikia: Genting ni mji wa starehe uliojengwa kileleni, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa majimbo ya Pahang na Selangor, kilomita hamsini na kidogo kutoka Kuala Lumpur. Yaani unaamka kwenye joto la mjini shati limekulowa saa mbili asubuhi, saa nne uko kwenye ukungu unatafuta sweta. Hewa hupoa kama digrii 6 kila ukipanda mita 1,000, sasa piga hesabu mwenyewe, tofauti ya chini na juu ni kama digrii 10. Na upepo bado sijauweka.

Usafiri nilitumia mabasi ya kutoka KL Sentral, ile stesheni kubwa ambayo treni karibu zote zinakutana. Kaunta ya mabasi ya Genting ipo humo humo ndani. Safari ni kama saa moja, na dakika ishirini za mwisho ni kona tupu, masikio yanaziba, kwa hiyo kama tumbo lako halipendi kona kaa mbele na usile ukashiba. Basi halikufikishi kileleni, linakushusha Awana ambapo ndio stesheni ya chini ya kebo, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Pale Awana pia kuna maduka ya nguo za majina makubwa yanayouza kwa punguzo, mimi nilipita kama sijayaona maana ukiingia pale asubuhi umemaliza siku.

Sasa kebo wakuu. Hii ilifunguliwa mwishoni mwa 2016, urefu wa njia ni kilomita 2.8 na ukienda moja kwa moja ni kama dakika kumi. Kibanda kimoja watu kumi. Vipo vichache vyenye sakafu ya kioo, hivyo bei yake imechangamka, mimi nilichukua cha kawaida na sikujuta hata kidogo kwa sababu msitu unauona pande zote nne. Na msitu wenyewe ni ule wa milimani kweli kweli, miti imefungamana, majani yana kila aina ya kijani unachokijua, halafu katikati ya njia tukaingia kwenye wingu, kila kitu kikawa cheupe, kibanda kizima watu wakanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa na wajukuu akashika mkono wangu bila kuniuliza, tukakaa hivyo mpaka wingu likaisha. Hatukuwa na lugha ya kuongea. Mimi nikikumbuka Genting ndio naikumbuka hiyo dakika.

Naendelea, msinikatishe.

Fundi Ramani:

Endelea mkuu, tumekaa mkao wa kula. Ila hiyo kebo inasimama njiani au ni moja kwa moja?

Begi_Moja:

Swali zuri, na ndio hapo wengi wanapoteza. Kebo ina stesheni ya katikati inaitwa Chin Swee, unashuka, unatembelea hekalu, ukimaliza unapanda tena kuendelea juu kwa tiketi ile ile, huongezi hela. Tunza tiketi yako tu usiitupe. Kwenye kibanda changu nilishuka mimi na kijana mmoja, wengine wote walipitiliza kwenda madukani, nikawaonea huruma.

Hekalu la Chin Swee lipo ubavuni mwa mlima, kama mita 1,400, na kuingia ni bure. Kuna pagoda, yaani mnara wa hekalu, ya ghorofa tisa, kuna sanamu kubwa ya Buddha ya mawe amekaa na msitu uko nyuma yake, na kuna njia ya kutembea kwa miguu ambayo imepangwa sanamu za mahakama kumi za kuzimu, yaani kila kituo kinaonyesha mtenda dhambi fulani anaadhibiwaje, huyu anakatwa, yule anachemshwa. Mimi nilifikiri nitapita haraka haraka, nikajikuta nasimama kila moja. Mwisho wa njia unatoka juu, unaliona bonde lote chini yako na ukungu unapanda taratibu kama moshi wa jiko la kuni.

Halafu historia yake ndio iliyonifanya nikae pale saa nzima na nusu. Aliyeianzisha Genting anaitwa Lim Goh Tong, alizaliwa 1918 Anxi, mkoa wa Fujian kule China, akaja Malaya (Malaysia ya zamani) akiwa kijana, akawa mkandarasi. Mwaka 1964 alikuwa Cameron Highlands kwenye kazi ya mradi wa umeme wa maji, akaona watu wanavyofunga safari ndefu kwenda kule kufuata baridi, akajiuliza kwa nini mlima kama huu usiwepo karibu na Kuala Lumpur. Kuanzia 1965 wakaanza kuchonga barabara kwenda kilele cha Ulu Kali kupitia msitu ambao haukuwa na hata njia, ikawachukua miaka minne. Tarehe 31 Machi 1969 Tunku Abdul Rahman, waziri mkuu wa kwanza, akaweka jiwe la msingi, na hoteli ya kwanza ikafunguliwa 1971. Lile hekalu ni la huyo huyo Lim, amelijenga kwa heshima ya Chin Swee, mtawa wa zamani wa kule kwao Fujian ambaye watu walimwamini kwa kuomba mvua. Ujenzi ulianza miaka ya 70 ukaja kumalizika miaka ya 90, maana ni mwamba na mteremko mtupu. Ukisimama pale ukaangalia ule mteremko, ukawaza watu walibebaje saruji, unaelewa kwamba hii sehemu mtu aliipenda kweli.

Mama Safari:

Umenigusa hapo. Mimi nimeenda Genting mara mbili na familia na mara zote tumepitiliza hapo Chin Swee, watoto wanataka michezo tu. Sikujua hata kama tiketi inaturuhusu kushuka. Aisee.

Kobe wa Barabarani:

OP (mwenye uzi) hongera kwa uzi. Swali: mimi ni Muislamu, vipi chakula na sehemu ya kuswali huko juu? Maana naona ni mji wa kasino.

Begi_Moja:

Kobe, ondoa hofu ndugu yangu. Malaysia ni nchi ya Waislamu wengi, surau, yaani vyumba vya kuswalia, utazipata, na chakula cha halali kipo, angalia nembo mlangoni. Tena kuna msikiti mzuri sana pale Gohtong Jaya, mji mdogo ulio chini kidogo ya kilele, unaitwa Masjid Yayasan Mohamed Noah. Jina ni la Mohamed Noah Omar, spika wa kwanza wa Bunge la Malaysia, ambaye ndiye aliyeanzisha Genting pamoja na Lim. Hili nililifurahia sana, Mchina na Mmalei wameanza pamoja, mlima mmoja una hekalu na una msikiti.

Kasino ni umri wa miaka 21 na kuendelea, na Muislamu wa Malaysia kisheria haruhusiwi kuingia. Mimi sikuingia. Nilikuja na ringgit 100 (hela ya Malaysia) za siku nzima mfukoni, na mtu mwenye ringgit 100 hana kazi ndani ya kasino, nawashauri hivyo hivyo na nyie wa bajeti.

Tumbo Joto:

Mkuu ringgit 100 siku nzima?? Na ukala? Toa mchanganuo.

Begi_Moja:

Nilikula mara tatu. Asubuhi nilinunua nasi lemak (wali wa nazi) mbili zilizofungwa kwenye jani mtaani karibu na hosteli, moja nikala kabla ya basi, ya pili nikaila Awana kwenye benchi wakati wa kurudi. Mchana juu nikala kwenye yale maeneo ya chakula yenye vibanda vingi, zunguka kwanza usikae meza ya kwanza, bei zinapishana sana na ziko juu kuliko mjini. Teh tarik (chai ya maziwa) ya moto moja kwa ajili ya baridi. Maji nilibeba yangu. Hela nyingine yote ni basi kwenda na kurudi na kebo kwenda na kurudi, basi. Nilirudi na chenji. Ila bei za kebo na mabasi zinabadilika na wikendi siyo sawa na siku za kazi, kwa hiyo angalieni siku mnayokwenda, msinishike shati.

Huko juu penyewe sasa. Unashukia SkyAvenue, jengo la maduka ghorofa kadhaa, na kutoka hapo unatembea ndani kwa ndani mpaka First World Hotel bila kutoka nje. Hii hoteli ina vyumba 7,351, mwaka 2015 iliingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kama hoteli yenye vyumba vingi kuliko zote duniani, na kwa nje imepakwa rangi kama upinde wa mvua, kwenye ukungu inatokea kidogo kidogo, kwanza nyekundu, halafu njano, halafu unaona jengo zima. Nilikaa nje na koti langu naiangalia inavyopotea na kurudi. Kuna viwanja vya michezo viwili, Skytropolis cha ndani, ambacho kutembea tu na kuangalia hulipi, na SkyWorlds cha nje kilichofunguliwa Februari 2022, hicho tiketi yake kwa mtu wa bajeti inauma.

Nikiwa mkweli, ndani nilichoka haraka. Muziki, taa, watu, foleni ya kila kitu. Saa moja na nusu ilinitosha kabisa.

Mama Safari:

Hapo kwenye SkyWorlds nakupinga mdogo wangu. Ukiwa na watoto ndio safari yenyewe hiyo. Mimi wangu wa miaka tisa mpaka leo anaongelea. Usiwavunje moyo watu wenye familia.

Begi_Moja:

Nakubali dada, na nimekusikia. Mimi naongelea mtu peke yake, siku moja, mfuko mwepesi. Tiketi ya siku nzima ukiwa umefika saa sita mchana na unatakiwa uondoke jioni haijilipi. Mwenye watoto alale juu usiku mmoja, acheze siku nzima, hapo hela inafanya kazi.

Jiwe la Mtoni:

Wewe hujasema habari ya basi la kurudi, umetuahidi mwanzo.

Begi_Moja:

Haya sasa. Hii someni taratibu.

Asubuhi KL Sentral nilinunua tiketi ya kwenda tu. Mawazo yangu yalikuwa nisijifunge, nikae juu mpaka nichoke, nikishuka nitapata basi lolote. Saa kumi na moja jioni nimeshuka Awana, nimefika kaunta, dada wa watu ananiambia kwa upole kabisa KL Sentral mabasi yote yamejaa mpaka la mwisho. Jumamosi. Nikarudia swali, jibu lile lile. Nikatoka foleni nikakaa chini kwenye begi langu, simu ina chaji asilimia kumi na nne, teksi ya apu nikaangalia bei nikafunga haraka, hela ile ningelipa hosteli usiku kadhaa. Na hoteli za juu Jumamosi sikutaka hata kuuliza. Wakuu ukiwa na mwenzako hali kama hii mnacheka, mnagawana teksi, inakuwa stori. Ukiwa peke yako milimani na giza linaanza, kichwa kinaenda mbali sana, nilianza kuhesabu kama naweza kulala stendi.

Aliyeniokoa ni yule kijana niliyeshuka naye Chin Swee asubuhi. Aliniona nimekaa, akaja akaniuliza, nikamweleza, akasema umeulizia TBS? Kumbe kuna mabasi mengine yanakwenda Terminal Bersepadu Selatan, stendi kuu ya mabasi upande wa kusini wa Kuala Lumpur, na pale stendi kuna treni za mjini zimeunganishwa hapo hapo, unashuka basi unapanda treni unaingia mjini. Tukarudi foleni wote wawili, siti zilikuwa zimebaki chache sana, nikapata ya saa mbili kasorobo usiku. Nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Kwa hiyo: nunua ya kurudi asubuhi ile ile, kaunta ile ile, kabla hujapanda hata ya kwenda. Au kata mtandaoni jana yake. Wikendi, sikukuu na likizo za shule usijaribu kabisa kwenda bila ya kurudi mkononi. Na kama KL Sentral imejaa, uliza TBS kabla hujakata tamaa. Chagua basi la saa kumi na mbili au saa moja jioni, inakupa muda wa kutosha juu na treni za mjini bado zinatembea.

Kobe wa Barabarani:

Hii ya TBS sikuijua na nimeishi KL miezi minane nikisoma. Nimeikopi.

Fundi Ramani:

Niongezee moja: mvua. Mimi nilienda nikiwa na tiketi ya kurudi mkononi kama OP anavyosema, ila saa tisa mchana ikaja radi, kebo ikasimamishwa, watu tumejaa juu hatushuki. Radi na upepo mkali huwa hawacheki navyo, na ni sawa, usalama kwanza. Lakini basi lako la Awana halikusubiri. Kwa hiyo usipange kushuka dakika ishirini kabla ya basi, shuka saa nzima na zaidi kabla. Mvua za kule zinapenda mchana kwenda jioni, asubuhi mara nyingi ni kweupe, wahi kupanda.

Begi_Moja:

Asante sana Fundi, hiyo ni muhimu kuliko hata nilizoandika mimi. Ndio maana nasema hekalu asubuhi wakati wa kupanda, usiliache la kurudi, maana jioni ukungu ukikaa huoni kitu na ukichelewa utaliruka.

Neema Njiani:

Dada au kaka? Naomba kujua kama ni salama kwa mwanamke peke yake, nina siku mbili za kusubiri ndege KL mwezi ujao na nimeuweka huu mlima kwenye orodha.

Begi_Moja:

Mimi ni dada, mpenzi. Kwa niliyoyaona mimi sehemu ina watu muda wote, familia nyingi, mabibi, watoto, walinzi kila kona, sikusumbuliwa na mtu hata mara moja. Shida ya mwanamke peke yake siyo kule juu, ni muda wa kurudi mjini, kwa hiyo rudi mapema kuliko nilivyorudi mimi. Mwambie mtu wa hosteli unakwenda wapi na unategemea kurudi saa ngapi, nilifanya hivyo na nilipochelewa kaka wa mapokezi alishanitumia ujumbe mara mbili kuuliza niko wapi. Kwenye kebo ukiona kibanda kina wanaume tu na hujisikii vizuri, subiri kinachofuata, vinakuja mfululizo na hakuna atakayekulazimisha.

Mavazi: sweta, siyo fulana mbili. Viatu vya kufunika maana pale hekaluni sakafu ilikuwa imelowa. Koti jepesi la mvua. Powabanki, hii nimeilipia kwa presha. Na kitambaa cha kujifunika mabega kwa ajili ya hekalu, ni sehemu watu wanasali, wengine wamekuja kuombea wagonjwa wao, tuingie kwa adabu na tusiwapige picha usoni.

Tumbo Joto:

Vipi ukiunganisha na yale mapango ya Batu Caves siku hiyo hiyo? Naona kwenye ramani ni upande mmoja.

Begi_Moja:

Wakala wengi wanauza hivyo, pango na mlima siku moja. Mimi nilikwenda Batu Caves siku nyingine, treni kutoka KL Sentral inakushusha mlangoni kabisa, pango kuu kuingia bure, ngazi 272 na ile sanamu ya Murugan, mungu wa Wahindu, ya rangi ya dhahabu yenye urefu wa zaidi ya mita 42. Ile ni ya alfajiri kabla ya jua kuwaka. Ukiziweka pamoja utafika Genting mchana, miguu imeisha, utaruka hekalu, na utarudi kusema Genting ni maduka tu. Kama una siku mbili kama Neema, igawe, moja moja.

Neema Njiani:

Nimeelewa dada. Jumanne Batu Caves, Jumatano mlima, tiketi ya kurudi nakata kesho mtandaoni. Naomba nikutumie ujumbe nikikwama.

Begi_Moja:

Nitumie muda wowote. Na ukifika kwenye wingu katikati ya njia uniambie kama na kwenu walinyamaza.

Jiwe la Mtoni:

Mods naomba uzi huu ubandikwe juu. Na Neema ukirudi lete mrejesho hapa hapa, usifungue uzi mpya.